Rili ya Kiskoti: ni dansi, ni tuni, na ile hoja ya "haina mwenyewe"

Kila ikizunguka video ya watu wanaopiga fidla kwa kasi, viatu vinagonga sakafu na mtu pembeni anafuata na gitaa, lazima ubishi uanze. Huyu anasema huo ni muziki wa Ayalandi, yule anasema hiyo ni kantri ya Marekani, mwingine anasema jamani hao ni Waskoti, alafu anatokea mmoja anafunga mjadala kabisa: huo ni muziki wa asili, una maelfu ya miaka, hauna mwenyewe, chukua tumia. Na wapo wanaouchukua kweli wakauweka kwenye video zao, kesho yake wanakuta video imezuiwa kwa sababu ya hakimiliki, wanabaki wanajiuliza si tuliambiwa ni wa asili?

Mimi huu muziki naupenda sana na ndo maana nataka tuufungue taratibu, kwa sababu ukiangalia vizuri karibu kila mtu kwenye ubishi ule ana kipande chake cha ukweli, isipokuwa yule aliyefunga mjadala.

Tuanze na chombo. Fidla ni violini, basi. Nyuzi 4, upinde wenye nywele za farasi, mbao zile zile. Watu wa Zanzibar hawahitaji hata kuelezwa hili maana kwenye taarabu fidla inaitwa fidla miaka yote na hakuna anayedhani ni kitu kingine. Lakini huko nje kuna imani kwamba fidla ya Kiskoti ni chombo cha kienyeji, tofauti na kile cha okestra. Hapana. Chukua violini ya mtu wa okestra umpe mpigaji wa rili atakuchezesha mpaka alfajiri. Kinachotofautiana ni mkono, hasa mkono wa kulia ulioshika upinde, na namna mtu alivyoupata muziki wenyewe, ambapo mara nyingi ni kwa sikio kutoka kwa mtu aliyemtangulia. Ingawa, na hili likumbuke maana tutalirudia, Waskoti walikuwa watu wa kuchapisha sana vitabu vya nota.

Sasa rili (sio zile video fupi za kwenye simu). Rili ni dansi, na rili ni tuni, yaani muziki wenyewe, inayopigiwa hiyo dansi. Vitu viwili, jina moja, na nusu ya mkanganyiko inatokea hapo. Kwenye dansi ya zamani watu watatu au wanne wanapitana wakizunguka kwa umbo la namba nane, wanapishana bega kwa bega bila kugongana, alafu wanasimama wakitazamana na kila mmoja anaonyesha hatua zake pale pale alipo, kisha wanaanza tena kuzunguka. Kuzunguka, kusimama, kuzunguka, kusimama. Tuni imetengenezwa kubeba kitu hicho, kwahiyo ukiisikiliza peke yake kwenye spika bila kujua kuna miguu inayoitegemea unaweza kuona inajirudia tu bila sababu.

Utaitambuaje? Muziki huu unahesabiwa kwa vipande vidogo vyenye urefu sawa, vinaitwa vipimo: piga makofi mawili kwa kila kipimo, sawasawa, bila kuharakisha. Kwenye rili kila kofi linabeba nota nne za haraka: ta-ka-ta-ka, ta-ka-ta-ka. Ukikuta kila kofi linabeba tatu, ta-ka-ta, ta-ka-ta, hiyo ni jigi, ndugu yake mwingine. Na ukisikia kitu cha taratibu zaidi chenye mapigo manne na nota zinazodunda, fupi kwanza alafu ndefu, kama mtu anajikwaa kwa makusudi na anaendelea kwa madaha, hiyo ni straspei, imepewa jina la bonde la mto Spey kaskazini mashariki mwa Uskoti na ndo kitu cha Waskoti hasa. Ule mdundo wa fupi-ndefu ukishauzoea utautambua popote. Kwenye dansi za zamani straspei na rili zilikuwa zinaoanishwa, mnaanza na ya madaha alafu fidla inafunguka ghafla na kuingia rili, na mpaka leo ile sekunde ya kubadilisha ndo sekunde chumba kizima kinapiga kelele.

Umbo la tuni ni jepesi. Kipande cha kwanza vipimo 8, kinarudiwa. Kipande cha pili vipimo 8, mara nyingi kinapanda juu zaidi kwenye nyuzi nyembamba, nacho kinarudiwa. Jumla vipimo 32, na kwa mwendo wa kuchezea, makofi kama 110 kwa dakika, mzunguko mzima unakwisha kwa nusu dakika na ushee. Ndo maana wapigaji huunganisha rili mbili au tatu mfululizo, moja peke yake haimtoshi mchezaji hata kutoka jasho. Zipo za vipande vya vipimo 4 pia, na zipo zenye vipande vingi zaidi, lakini ukishika hii ya 32 umeshika nyingi.

Haya, umri. "Maelfu ya miaka" hakuna.

Ushahidi wa zamani unaojulikana zaidi kuhusu rili ni wa 1591 na ni ushahidi wa kusikitisha. Kulikuwa na kesi za uchawi North Berwick, karibu na Edinburgh, watu walikamatwa wakateswa mpaka wakakiri. Mmoja wao alikuwa msichana wa kazi anaitwa Geillis Duncan. Kijitabu kilichochapishwa mwaka ule kinasema wachawi walicheza rili usiku karibu na kanisa huku Geillis akiwapigia, na mfalme James wa Sita wa Uskoti alivyosikia hayo akaagiza aletwe ampigie na yeye. Akampigia. Chombo chake wala hakikuwa fidla, ni kile kichuma kidogo kinachowekwa mdomoni kikadonolewa kwa kidole. Mwisho wake aliuawa. Sasa habari ya wachawi kucheza usiku hiyo ilitoka kwenye mateso, haina thamani ya ushahidi wowote, lakini kitabu kinataja rili kwa wasomaji wa kawaida na hakihangaiki kuieleza zaidi ya kuiita dansi fupi. Maana yake mwaka 1591 neno lilikuwa mtaani tayari. Zaidi ya hapo nyuma ni kubahatisha.

Violini yenyewe ilitoka Italia na ilishika mizizi Uskoti kuelekea mwisho wa karne ya 17. Karne ya 18 ndo moto uliwaka. Fidla ilikuwa kwenye ghala la mkulima baada ya mavuno na ilikuwa kwenye ukumbi wa bwana mkubwa wiki hiyo hiyo, na mara nyingi mpigaji alikuwa yule yule. Kuanzia miaka ya 1750 Robert Bremner wa Edinburgh alikuwa ameshaanza kuchapisha makusanyo ya rili za Kiskoti, na baada yake wachapishaji wakafuatana. Kwahiyo sehemu kubwa ya rili tunazoziita za kale ni za miaka ya kama 1750 mpaka 1830 hivi, tunazo kwenye karatasi, na nyingi zina jina la aliyezitunga.

Kabla sijaendelea kuna hadithi moja nyingine inabidi niitoe njiani. Utasikia kwamba baada ya vita vya Culloden, Aprili 1746, ambapo waasi wa nyanda za juu za Uskoti walishindwa na jeshi la serikali, Waingereza walipiga marufuku muziki wa Waskoti na fidla ikabaki inapigwa kwa kujificha. Inasisimua lakini sheria ya 1746 ilipiga marufuku silaha na mavazi ya watu wa nyanda za juu, basi. Muziki haumo. Bremner asingekuwa anachapa rili hadharani Edinburgh miaka michache tu baadaye kama ingekuwa vinginevyo. Upinzani wa kweli dhidi ya dansi ulitoka kwingine, kwa wahubiri wakali wa baadhi ya maeneo ya nyanda za juu na visiwani, hasa karne ya 19, walioona fidla ni mlango wa dhambi. Na hata pale ambapo hapakuwa na chombo chochote watu walicheza kwa mdomo tu, mtu anaimba tuni ya rili kwa maneno ya haraka haraka ya Kigaeli, lugha ya asili ya nyanda za juu na visiwani, na miguu inaenda. Hiyo bado ipo na ukiisikia utaelewa mdundo wa rili kuliko maelezo yangu yote haya.

Sasa tuje kwa familia moja ambayo huwezi kuikwepa. Niel Gow alizaliwa 1727 Perthshire na aliishi Inver, karibu na mji wa Dunkeld. Inasimuliwa kwamba mwaka 1745, kijana wa miaka 18, alishinda shindano ambalo jaji wake alikuwa mpigaji kipofu, na jaji akasema angeutambua mkono wa Gow hata kati ya wapigaji mia. Alifadhiliwa na ukoo wa watawala wa Atholl, mshairi Robert Burns alimtembelea 1787, na mchoraji Henry Raeburn akamchora amekaa na fidla yake, kavaa soksi na kaptura za vitambaa vya mirabaraba. Kwahiyo ukimwazia "mpigaji wa asili asiyejulikana" utakuwa umekosea sana, huyu alikuwa staa wa nchi nzima. Mwanae Nathaniel, aliyezaliwa 1763, akahamia Edinburgh, akawa mpiga tarumbeta wa mfalme huko Uskoti, akaongoza bendi kwenye dansi za matajiri, akafungua duka la muziki na kuchapisha. Kuanzia 1784 familia hii ilitoa makusanyo ya straspei na rili moja baada ya jingine.

La tano lilitoka 1809, miaka miwili baada ya Niel kufariki, na ndani yake kuna rili mbili ambazo ukiziweka pamoja zinaeleza jambo lote hili.

Ya kwanza inaitwa "Largo's Fairy Dance". Kama umewahi kuhudhuria darasa lolote la fidla duniani umeisikia, ni kati ya rili za kwanza watoto wanafundishwa. Watu wengi wanaiandika "ya asili". Lakini Nathaniel Gow aliitunga kwa ajili ya dansi ya klabu ya wawindaji wa Fife mwaka 1802. Mtunzi tunamjua, mwaka tunaujua, hata shughuli yenyewe tunaijua. Ilikuwa muziki mpya kwa ajili ya pati ya matajiri, kitu cha kisasa kabisa kwa siku ile.

Ya pili ni "Mrs McLeod of Raasay", na hii ndo kipenzi changu. Raasay ni kisiwa chembamba kati ya Skye na bara, na ukoo wa MacLeod ulikuwa watawala wake kwa karne nyingi. Ni watu wa dansi hawa. Mwaka 1773 waandishi wawili mashuhuri, Samuel Johnson na James Boswell, walifikia nyumbani kwao wakati wa safari yao ya visiwani, na Johnson ameandika kabisa kwamba zulia lilikunjwa, mpiga muziki akaitwa na wote wakaalikwa kucheza. Kila usiku. Kitabu cha akina Gow kinapoichapa rili hii kinaweka maelezo kwamba ni rili ya kisiwa cha Skye na kwamba imeletwa na bwana McLeod. Hakisemi akina Gow wameitunga. Wala hakisemi bibi McLeod ameitunga, na hapo ndo watu wanateleza, wanaona jina la mtu wanadhani ndo mtunzi.

Majina ya rili yana tabia za kanga. Kanga ina maua yake na ina jina lake, yale maneno yaliyochapwa chini, na kiwanda kinaweza kuyachapa maua yale yale na jina moja leo na jina jingine mwakani, na hakuna hata moja kati ya hayo majina linalokuambia nani alichora maua. Rili zilipewa majina ya mabibi na mabwana kwa sababu vitabu viliuzwa kwa watu waliojiandikisha kununua mapema, majina yao yakachapwa mwanzoni mwa kitabu, na bibi aliyepata rili yenye jina lake alifurahi na mumewe akanunua kopi. Ilikuwa biashara, sioni ubaya wake.

Ubaya ulikuwa kwingine. Akina Gow walikuwa wanachukua tuni za wengine na kuzichapa kwa jina jipya bila kumtaja mwenye kazi. Aliyeumia sana ni William Marshall, aliyezaliwa 1748 Fochabers, msimamizi wa mali za mtawala wa Gordon, mtu aliyejifundisha mambo mengi mwenyewe mpaka kutengeneza saa. Burns alimwita mtunzi wa kwanza wa straspei wa zama zile. Tuni zake zilionekana kwenye vitabu vya wengine zimebadilishwa majina, na kitabu chake cha 1822 kikabeba malalamiko yake kwa maandishi. Kwahiyo wapendwa, mabishano ya nani katunga na nani kaiba hayakuanza na intaneti, walikuwa nayo miaka 200 iliyopita, na mtu anayesema muziki huu "haujawahi kuwa na mwenyewe" anamnyima haki Marshall kwa mara ya pili.

Sasa ule ubishi wa Uskoti au Ayalandi. Rili kama aina ya tuni ilivuka kutoka Uskoti kwenda Ayalandi kwenye karne ya 18, hasa kuelekea mwisho wake, na Waayalandi wakaipokea kwa mikono miwili wakatunga za kwao maelfu mpaka leo rili ndo tuni inayopigwa zaidi kwenye vikao vyao vya kupiga muziki pamoja. Tuni nyingi zilivuka zikabadilishwa jina. "Rakish Paddy" ya Ayalandi ina asili kwenye "Cabar Féidh" ya Uskoti, pembe za kulungu, nembo ya ukoo wa Mackenzie. "Bonnie Kate" inatokana na tuni ya Daniel Dow, mpigaji wa Perthshire. Na "Mrs McLeod" wetu alivyofika Ayalandi akawa "Miss McLeod", yaani alirudi usichana. Ukiweka mpigaji wa Aberdeenshire na mpigaji wa Sligo wapige tuni hiyo moja utasikia tofauti: Mskoti upinde wake unakata, kila nota ina makali, anapenda kupiga nota kadhaa kwa kuusukuma upinde upande mmoja kwa nguvu, Mwayalandi upinde unateleza na vidole vya kushoto vinazungusha mapambo madogo kuizunguka nota. Hakuna aliyekosea. Mimi binafsi kwenye tuni hii namchagua Mskoti, kwa sababu naona imetengenezwa kwa ajili ya miguu inayogonga sakafu ya mbao. Wapigaji wa zumari la mfuko, lile la kukumbatia kwapani, nao wanayo na inaingia vizuri kwenye nota zao 9.

Ikavuka tena bahari. Marekani inajulikana kama "Hop Light Ladies", kwingine "Uncle Joe", na ina maneno ya kuimba kabisa, na hapo ndo yule mtu wa "hii ni kantri" anapata kipande chake cha ukweli. Ila tusipite haraka hapa. Kwenye mashamba ya kusini mwa Marekani waliokuwa wanapiga fidla kwenye dansi za mabwana mara nyingi walikuwa watu weusi waliokuwa watumwa. Rili za Uskoti na Ayalandi zilipita mikononi mwao, wakazitia mdundo wao, na chombo kilichokuja kukaa pembeni ya fidla, banjo, asili yake ni Afrika Magharibi. Kwahiyo kantri ya zamani unayoisikia haikutoka Raasay ikafika Tennessee ikiwa salama kwenye bahasha. Kuna watu walioifanyia kazi katikati na majina yao mengi hayakuandikwa popote, na kwenye hawa ndo neno "asiyejulikana" lina uzito wa kweli, maana hawakujulikana kwa sababu walinyimwa kujulikana.

Na Raasay yenyewe? Deni likamzidi MacLeod wa mwisho, kisiwa kikauzwa 1843 kwa George Rainy, mfanyabiashara aliyetajirikia Demerara, Guyana ya leo, kwenye uchumi wa mashamba ya watumwa. Miaka ya 1850 vijiji kadhaa vya kisiwani, Hallaig kikiwemo, vikaondolewa watu ili kupisha kondoo. Watu wa visiwa na nyanda za juu, si wa Raasay pekee, walikuwa wameshaanza kuhama kwa makundi tangu karne iliyotangulia, wengi wakienda Canada, na kisiwa cha Cape Breton kule Nova Scotia ndo kimeshika upigaji wa zamani kiasi kwamba wapigaji wa Uskoti wenyewe wanaenda kujifunza huko. Nyumba hazipo, tuni iko pande zote mbili za bahari.

Tumalizie na lile la video kuzuiwa, maana ndo linalowagusa watu moja kwa moja. Hakimiliki ya tuni na hakimiliki ya rekodi ni vitu viwili tofauti. Uingereza tuni inalindwa maisha ya mtunzi na miaka 70 baada ya kifo chake. Nathaniel Gow alifariki 1831, Marshall 1833, hao muda wao ulipita zamani, "Largo's Fairy Dance" unaweza kuipiga harusini, kuichapa, kuirekodi, huombi ruhusa kwa mtu. Lakini ukichukua rekodi iliyofanywa na bendi ya leo umechukua kazi ya watu waliokaa studio, na hiyo inalindwa hata kama tuni ina miaka 200. Na bendi ikiandika mpangilio wake mpya, sauti ya pili, gitaa, utangulizi, ule mpangilio nao ni mali yao. Alafu kuna tatizo la mashine zinazotambua muziki, wewe umeipiga mwenyewe sebuleni kwako mashine ikasikia tuni inafanana na rekodi ya mtu ikakushika. Hapo una haki ya kupinga na pinga, eleza kwamba tuni ni ya mtu aliyekufa muda mrefu na rekodi ni yako, na taja jina la mtunzi na mwaka ukiujua, maana "ni ya asili" peke yake haimsaidii anayepitia malalamiko yako.

Ila kagua kwanza, kwa sababu si kila rili yenye sauti ya kizamani ni ya zamani. Rili bado zinatungwa. Gordon Duncan, mpigaji wa zumari la mfuko kutoka Perthshire, mkoa ule ule wa Niel Gow, alitunga rili inaitwa "Andy Renwick's Ferret" ambayo wapiga fidla wengi wameichukua na utaisikia vikaoni ikichanganywa na za karne ya 18 bila mshono wowote kuonekana. Duncan alifariki 2005. Kwa sheria ya Uingereza hiyo tuni inalindwa mpaka mwisho wa 2075, na anayeitumia kwenye video au rekodi yake anatakiwa awalipe wenye haki zake na amtaje yeye.